Umetoka kupaka rangi nywele zilizoota? Ziache siku tatu

Juzi nimeshazima taa, simu ikalia. Msomaji mmoja ananiandikia: "Shikamoo dada. Jumamosi nilipaka rangi nywele zilizoota, saluni wakanitoza elfu sitini. Leo Jumatano nikisimama juani utosi mzima ni chungwa, kwingine kahawia ileile ya zamani, na taulo langu jeupe ndiyo basi tena. Nimeziosha mara mbili labda zitalingana. Nifanyeje? Wiki ijayo nina shughuli."

Niliposoma "nimeziosha mara mbili" nikawasha taa, nikakaa kitako. Usingizi uliisha. Hayo maneno ni yangu mimi, ya mwaka 2019, ila mimi sikuwa na wa kumwandikia.

Mvi kwetu hazisubiri wajukuu. Mama alianza kuota akiwa na miaka 28, mimi 27. Baba alikuwa akipaka piko masharubuni kila Ijumaa asubuhi, na utotoni nilidhani kila baba ana mswaki wa meno na mswaki wa masharubu. Zamu yangu ilipofika niliukataa ule weusi wa piko, weusi wa kiwi ya viatu, nikachagua kahawia iliyokolea. Ikanikaa. Watu wakanizoea nayo. Lakini ukishaingia kwenye rangi ya kudumu, umeolewa nayo: nywele zinaota karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ikifika wiki ya tano au ya sita kuna mstari mweupe kwenye njia ya nywele, unameremeta kuliko hereni.

Mwaka huo mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaolewa, nami nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kicheni pati. Habari za vikao, ahadi na waliozima simu siku ya kulipa naziruka, mnazijua. Muhimu ni kwamba siku hiyo mimi ndiye ningesimama mbele na kipaza sauti, ukweni wote wananitazama, na nilitaka wanitazame. Tusidanganyane. Hata wewe ukienda saluni kabla ya shughuli ya mwenzako, huendi kwa ajili ya bibi harusi.

Alhamisi nikaenda saluni niliyoizoea miaka sita. Wakati huo nywele zangu zilikuwa za dawa ya kunyoosha, na zilikuwa zimeota kote: dawa inadaiwa, rangi inadaiwa. Fundi akasema, "Anti, tunapiga ritachi, tunaosha, tunapandisha rangi, unatoka umemaliza kila kitu." Nikaona kaniokolea nauli ya safari ya pili. Ritachi ilinichoma kisogoni, nikakaza meno. Rangi ikaja juu yake, na badala ya kuishia pale zilipoota, akaivuta kwa kitana hadi nchani, eti ilingane. Moto tena. Nikakaza meno tena.

Alhamisi ile nilipendeza, acha niseme. Nilijipiga picha kwenye kioo cha saluni, nikajipiga kwenye bajaji, nikajipiga sebuleni. Ninazo hadi leo.

Ijumaa nikaharibu mwenyewe kilichobaki. Harufu ya dawa ilikuwa haijaisha, nikasema siwezi kwenda kwa watu nanuka saluni. Nikaziosha. Nyumba tuliyokuwa tumepanga Kimara ilikuwa na maji ya kisima, yale ambayo ukipikia chai unaonja chumvi kabla ya sukari. Shampuu ilikuwa ile ya galoni, ya kijani, yenye povu la kufulia mapazia. Nikasugua mara mbili. Maji yakatoka kahawia, nami nikafurahi nikidhani inayotoka ni rangi ya ziada. Nikakausha kwa draya, moto wa mwisho, kisha nikapiga pasi.

Jumamosi ukumbini viyoyozi vilizidiwa. Nilivaa gauni la rangi ya maziwa. Tulipoingia kucheza na zawadi zetu kichwani, jasho likaanza kushuka nyuma ya masikio, wala sikuwa na habari. Wifi yangu akasogea, akanitazama shingo, akasema kwa sauti iliyofika meza tatu: "Jamani wifi, nani kakumwagia chai ya rangi?"

Meza tatu zikacheka. Nami nikacheka, ungefanya nini? Kola nzima ilikuwa michirizi. Kwenye albamu ya familia mwanzoni nimesimama kama malkia, ikifika katikati nimejizungushia mtandio shingoni, na Dar mwezi wa pili hakuna anayejifunga mtandio kwa baridi.

Wiki mbili baadaye zikaanza kukatika. Sisemi kunyonyoka, nasema kukatika, palepale nywele mpya zinapokutana na za zamani, utosini. Nikichana, kitana kinatoka na vipande vya urefu wa kidole. Nilivaa wigi miezi saba.

Aliyenielewesha ni fundi mmoja mtu mzima wa Magomeni, nilipokwenda kwake kuzipunguza. Alichukua unywele wangu mmoja, akaupitisha katikati ya vidole kutoka nchani kurudi juu, akaniambia nami nijaribu. Unakwaruza. "Hayo ni magamba," akasema, "kama ya samaki." Rangi ya kudumu lazima iyainue magamba hayo ndipo ipate kuingia. Kazi hiyo ni ya amonia. Peroksaidi nayo inapunguza weusi wa asili na kuiivisha rangi humo ndani. Ukishasuuza, magamba hayajalala yote. Kila maji yakiingia, unywele unavimba, na rangi inapata pa kutokea. Maji ya moto yanaongeza, shampuu kali inaongeza, lakini hata maji matupu yanaitoa. Kuhusu ritachi akaniambia kwamba yenyewe inavunja vifungo vya ndani ya unywele, ndiyo maana unanyooka. Nikamuuliza: na ukiiletea peroksaidi siku hiyohiyo? Hakujibu. Alinionyesha sakafu kwa mkasi, nywele zangu zilipokuwa.

Kwa hiyo ritachi kwanza, rangi wiki mbili baadaye, na nauli ya safari ya pili utaitafuta.

Sasa nafanya hivi. Nikitoka kupaka rangi, siku tatu, saa 72 kamili, maji hayagusi kichwa changu. Joto nalijua, harufu naijua. Naoga na kofia ya plastiki. Nalala na kiremba cha satini, na juu ya mto natandika kanga kuukuu, kwa sababu usiku wa kwanza rangi huchafua hata kama umesuuzwa vizuri. Jasho la kwenye paji nalibonyeza kwa kitambaa, silisugui. Siku tatu zikiisha naosha, na baada ya hapo ni mara moja kwa wiki, basi. Maji ya baridi, au uvuguvugu ukiwa mtoto wa Mbeya. Shampuu isiyo na salfeti, ile sabuni kali ya kutoa povu, geuza chupa usome nyuma. Kondishena kila unapoosha, wala isiwe mpaka ukumbuke. Pasi wiki ya kwanza haipo. Rasta nazo zisubiri wiki mbili, ngozi ya kichwa na yenyewe ipumzike kuvutwa.

Maji ya kisima bado ni adui yangu. Madini yake yanang'ang'ania kwenye unywele na rangi inapauka kama imemwagiwa vumbi. Kama huna mengine, oshea hayo, lakini suuzo la mwisho litafutie maji ya bomba au ya mvua. Ndoo moja ndogo inatosha. Usiku wa kuamkia kuosha napaka mafuta ya nazi kidogo. Yanaingia ndani ya unywele wenyewe, maji yasipate nafasi ya kuuvimbisha sana. Bibi zetu wa pwani walikuwa wanayapaka bila kuelezwa na mtu. Na ukialikwa Kigamboni kuogelea, zilowanishe kwanza kwa maji safi na kondishena kabla hujaingia baharini. Unywele ulioshiba maji safi haunywi sana ya chumvi.

Mtu atakuambia ukamulie ndimu ili "ifunge rangi". Ndimu na jua ndivyo watu wanavyopausha nywele kwa makusudi. Mwache apake zake.

Kwa fundi pia fungua mdomo. Mimi nilikuwa nakaza meno, sasa naongea. Mwambie rangi ikae pale tu zilipoota, isipande juu ya za zamani. Zile zimeshapita motoni mara kumi. Muulize divelopa, ile peroksaidi anayochanganyia rangi, ni namba ngapi. Kuficha mvi, namba 20 inatosha, hiyo ni peroksaidi ya asilimia 6. Akichukua namba 40, ambayo ni asilimia 12, akueleze kwa nini, na kama hana jibu, simama.

Na kuna jambo la piko ambalo sitalipita. Piko nyingi zinazochorwa mikononi kwenye shughuli zetu si hina hata kidogo, ni unga wa rangi ya nywele, wenye kemikali inayoitwa PPD. Ulaya sheria inataka ikishachanganywa isizidi asilimia 2 kwenye rangi ya nywele, na kuchorea ngozi wameikataza. Sisi tunaichora juu ya ngozi tupu, koroga lolote. Mwili wa mtu ukishaikataa mara moja, unaikumbuka. Kama ua la piko liliwahi kukuacha na malengelenge au mwasho, mwambie fundi kabla hajafungua kopo, maana rangi ya kichwani inaweza kukuvimbisha uso mpaka macho yafumbe. Hata usiye na historia hiyo, pakaza kidogo nyuma ya sikio, subiri saa 48. Najua hamtasubiri. Nimesema.

Mwezi uliopita nimepaka tena nywele zilizoota. Leo ni wiki ya tano, na jana kwenye daladala mama mmoja nyuma yangu aliniuliza kama ni wigi. Nikamwambia vuta. Akavuta. Sikuteremka kituo changu, nilipitiliza viwili nikimweleza.

Kinachoniudhi ni hiki. Mwanamke anatoa elfu sitini, elfu themanini, anakaa kwenye kiti saa nne, halafu kondishena ya elfu nane anaiona ghali. Ananunua gari, mafuta anaomba. Wengine mnaniandikia mkitaka kitu cha kupaka cha kurudisha rangi iliyokwenda, kana kwamba iko stoo inasubiri kuitwa. Iliyokwenda na maji imekwenda. Kazi yote ilikuwa siku tatu zile, na kazi yenyewe ni kukaa bila kufanya kitu, na hata hiyo tunashindwa! Tunaosha kwa sababu ya harufu. Tunaosha kwa sababu ya jasho. Tunaosha kwa sababu mume kasema. Dada zangu, acheni kuosha.

Wewe uliyeniandikia: utosi umekuwa chungwa kwa sababu joto la kichwa linaiharakisha rangi kwenye nywele zilizo karibu na ngozi, na nywele nyeusi ikipunguzwa weusi chungwa ndiyo inayojitokeza chini yake. Mara mbili ulizoosha zimeondoa kahawia iliyokuwa inaifunika. Usinunue kopo dukani ukajipakie bafuni, nakuomba. Rudi kwa fundi, mwambie akufunike utosi kwa rangi ya muda isiyo na amonia, isiyochanganywa na peroksaidi, iliyokolea kidogo kuliko uliyonayo. Hiyo haiinui magamba, inakaa juu juu, itakuvusha shughuli. Ile ya kudumu mpaka nywele ziote tena. Na safari hii usivae nguo nyeupe.

Wifi yangu naye ameanza kuota mvi. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe akiomba namba ya fundi wa Magomeni. Nimeuona. Bado sijamjibu.