Klasiki Alfajiri, Jazi Usiku: Muziki wa Sikukuu Malindi

Desemba hapa Malindi haina ukimya. Mahoteli yamejaa, tuktuk zinakesha, na madukani zinapigwa nyimbo zilezile za Krismasi mwezi mzima. Nazipenda sikukuu hizi, na kwa kuwa nazipenda nawasihi wenzangu: muziki wa klasiki na jazi utengeeni saa zake, usigeuzwe kelele za kusindikizia pilau.

Klasiki naisikiliza alfajiri, na sababu ni feni. Muziki huu hushuka mpaka fidla moja inanong'ona, halafu hupanda ukatikisa madirisha. Feni ikizunguka, mnong'ono wote unapotea. Ukiongeza sauti ili uusikie, dakika mbili baadaye umeamsha mtaa. Alfajiri joto la kaskazi bado halijapamba moto, feni unaizima na hakuna anayelalamika. Tafuta visikizi au spika nzuri. Spika ya simu humeza besi, mtu akadhani muziki wenyewe ndio umepooza. Pakua mapema pia, maana wageni wakifika intaneti huwa nzito.

Pa kuanzia napendekeza Corelli, mtunzi Mwitaliano. Konseto yake ya Krismasi, yaani utungo wa okestra wa sehemu kadhaa, ilichapishwa 1714, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, ikiwa na maandishi kwamba ilitungwa kwa ajili ya usiku wa Noeli. Ni ya vyombo vya nyuzi na haizidi sana robo saa. Ingoje sehemu ya mwisho, inayobembea taratibu: inaiga wachungaji wa Italia walioshuka mijini msimu wa Noeli wakipuliza zumari zao. Sisi wa Pwani tuliokua na zumari kwenye ngoma za harusi hatuhitaji kufundishwa utamu huo.

Jazi ni ya usiku, barazani, watu wameshiba. Feni haiidhuru, wala mazungumzo ya chini. Anayesema haielewi namuuliza kama ameshamsikia mpiga udi au kanuni akipiga taksim kabla ya wimbo wa taarab kuanza. Anapiga yaliyomjia papo hapo, ila hatoki nje ya makamu yake, yaani ngazi ya sauti za wimbo huo. Kwenye jazi shika wimbo unavyopigwa mwanzoni, kisha mfuate kila mpigaji anavyouzungusha kwa zamu yake. Hapo ndipo raha ilipo.

Ukitaka kuziunganisha mbili hizi kwa siku moja, chukua The Nutcracker, baleti (dansi ya jukwaani) ya Mrusi Tchaikovsky, iliyochezwa mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1892. Mwaka 1960 Wamarekani Duke Ellington na Billy Strayhorn waliupanga upya muziki wake kwa bendi yao ya jazi. Asubuhi sikiliza ngoma ya malaika wa peremende, inayopigwa kwa selesta, kinanda kidogo chenye sauti kama vikengele vya kioo. Usiku isikilize kwa Ellington: imeshushwa kwenye saksofoni, inatembea kwa maringo. Kwangu mimi ya Ellington ndiyo tamu zaidi, ila bila ya kwanza hutaona alichokifanya.

Tarehe 1 Januari kuna tamasha la Mwaka Mpya la okestra ya Vienna, Austria, linalorushwa moja kwa moja. Kwa saa zetu huanza saa saba na robo mchana, kwa hiyo chakula kiive mapema. Mwisho kabisa hupigwa Radetzky March, muziki wa gwaride, na kiongozi wa okestra huwageukia watazamaji kuwaongoza makofi. Watoto waiteni wakati huo, nao wapige.