Pangani ya 1885 hadi 1895: tuitafute wapi?

SWALI: Hapa Pangani kila mwanafunzi anajua kwamba Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita vya 1888 dhidi ya Wajerumani, alinyongwa mjini kwetu Desemba 1889. Zaidi ya hapo, kimya. Klabu yetu ya historia inataka kuandika habari za mji za miaka ile. Tuanzie wapi?
Mwalimu, Pangani

JIBU: Mwalimu, kwanza jiulizeni nani alitawala mwaka mnaoutafuta, maana karatasi humfuata mtawala. Hadi Agosti 1888 mji ulikuwa chini ya liwali wa Sultani. Habari za wakati huo zitafuteni Nyaraka za Zanzibar, hasa katika barua za ubalozi mdogo wa Uingereza. Ndipo ikaingia kampuni ya Kijerumani, DOAG, iliyokodishiwa pwani na Sultan Khalifa. Tangu 1 Januari 1891 ni serikali ya Ujerumani yenyewe. Majalada yake ya makoloni yako Bundesarchiv, nyaraka za taifa za Ujerumani, Berlin, fungu R 1001, na mengi husomwa bure mtandaoni. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nazo zina majalada ya Kijerumani, ila mengi ni ya miaka ya baadaye.

Wengi hukwama kwenye tahajia. Ukitafuta "Abushiri" hupati kitu. Wajerumani waliandika Buschiri, na mji wa Saadani wakauandika Sadani. Vita vyenyewe waliviita Araberaufstand, maasi ya Waarabu. Jina hilo lilimfaa sana Bismarck, chansela wa Ujerumani: Januari 1889 bunge lake lilitoa marki milioni 2 kwa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa. Waswahili wa mjini na Wazigua waliopigana wakafichwa humo, kwa hiyo wasakeni kwa majina yao.

Barua zimeandikwa kwa mwandiko wa Kurrent, ambao hata mjuzi wa Kijerumani cha leo hausomi bila mazoezi. E yake hufanana na n. Anzeni na gazeti la serikali, Deutsches Kolonialblatt, la kuanzia 1890. Limepigwa chapa, mtalizoea upesi.

Makaburini msisugue maandishi kwa chaki wala brashi ya waya. Pigeni picha asubuhi au jioni, jua likiwa ubavuni, herufi zitajitokeza. Nakilini na mwezi pia: 1306 Hijria ilianza Septemba 1888 ikaishia Agosti 1889, hivyo mwaka peke yake hautoshi.

Mzee akitaja "vita vya Wadachi", yaani Wajerumani, msiandike 1888 papo hapo. Huenda ni Majimaji ya 1905 aliyoyasikia kwa jamaa wa kusini. Muulizeni liwali au akida wa wakati huo alikuwa nani, kisha jina hilo mlitafute kwenye majalada.