Kupakua faili kwa Surf: niliyojifunza dukani Langoni

Nyinyi mnaoanza kazi kwenye maduka ya kompyuta hapa Amu, mkiachiwa laptopu kuukuu yenye RAM ya GB 2, huenda mkakuta imewekwa Surf. Ni kivinjari chepesi mno, hakina hata kisanduku cha kuandikia anwani. Nakipenda. Ila jueni mapema kwamba Surf haipakui faili yenyewe. Hufungua dirisha la terminali, yaani la kuandikia amri, na kuiachia kazi programu nyingine, curl.

Mwaka wangu wa kwanza nilimpakulia mama mmoja fomu ya chuo ya mwanawe. Dirisha likafunguka, namba zikapanda, kazi ikaisha. Nikamtilia kwenye flashi, akapanda boti kwenda Mokowe. Alasiri akanipigia simu: faili halifunguki. Jina lilikuwa la PDF, ndani mna ukurasa wa kuomba neno la siri. Mimi nilikuwa nimeshaingia kwa akaunti yake kwenye kivinjari, lakini tovuti haikuitambua curl. Nilimrudishia nauli, na bado naona uchungu nikikumbuka safari ile ya bure.

Sababu niliipata kwenye config.h, faili la mipangilio ya Surf, penye neno DOWNLOAD. Amri ya asili huipa curl vidakuzi vyako (cookies, alama ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari) kwa chaguo la -b, na huko ndiko tovuti inakojua kuwa umeshaingia. Aliyenitangulia kwenye mashine ile aliiandika upya akaiacha -b. Isomeni amri hiyo siku ya kwanza. Mkiibadilisha, lazima Surf ijengwe upya kutoka kwenye msimbo wake kwa amri ya make, vinginevyo hakuna kitakachobadilika.

Tangu hapo mteja haondoki kabla sijaandika file fomu.pdf kwenye terminali; amri ya file hutaja aina halisi ya faili. Jibu likiwa HTML, nimepakua ukurasa, si fomu. Kisha nalifungua faili mbele yake, tulione sote wawili.

Mafaili huangukia kwenye folda ambamo Surf ilizinduliwa. Kwa hiyo mfungulie kila mteja folda yake, uingie humo kwanza, ndipo uite Surf. Jioni futa folda zile pamoja na faili la vidakuzi. Hili msilichukulie kwa wepesi: vidakuzi vikibaki, mteja wa kesho anaweza kujikuta ndani ya akaunti ya mteja wa leo, na watu hutuletea vitambulisho vyao kwa kutuamini.

Umeme ukikatika katikati ya upakuaji, nusu ya faili hubaki. Amri ya asili ina pia -J, chaguo la kulipa faili jina linalotolewa na seva; ukijaribu tena na jina hilo lipo tayari, curl hukataa kuandika juu yake. Kwa fomu ndogo, futa nusu hiyo uanze upya. Kwa faili kubwa lisilohitaji kuingia kwa neno la siri, tumia wget -c, programu nyingine ya kupakua, na anwani ileile. Seva ikikubali, itaendelea palipoishia, na bando la duka litasalimika.