Kona ya Ticha: Fom tu 80 na Kiingereza kinachogoma mdomoni

SWALI: Habari za kazi ticha. Mi nafundisha Kiingereza shule ya kata huku Igombe, Mwanza, mwaka wa pili sasa kazini, fom tu yangu ina watoto 80 na zaidi, nikiuliza swali kwa Kiingereza wote wanainama kama kuna kitu kimeanguka chini ya dawati. Nilisikia habari za projekti, magazeti ya ukutani, maigizo, nikajaribu mara moja. Watoto walichangamka kweli lakini kelele zote zilikuwa za Kiswahili na Kisukuma, mwisho wa siku nikapata manila ina maua mazuri na sentensi nne. Wenzangu ofisini wananiambia nimalize silabasi niachane na michezo, mtihani wa fom tu unakuja. Niendelee au niache?
– Ticha wa Igombe

JIBU: Mdogo wangu usiache, tafadhali, ila ile ya manila iache. Nilifundisha miaka mingi shule moja kando ya ziwa na projekti yangu ya kwanza iliishia hapohapo ulipoishia wewe, kila kikundi kilikuwa na mtoto mmoja anayejua Kiingereza, huyo akaandika yote, wengine wakapaka rangi. Nikawapa wote alama sawa na ile iliniuma baadaye, maana kuna binti alipaka rangi mwaka mzima na hakusema sentensi hata moja ya kwake.

Kitu nilichokuja kukiona ni kwamba hawa watoto wanaonekana hawana Kiingereza kumbe hatujawapa cha kusema. Umewaambia waandike kuhusu "My holiday" na likizo yenyewe alikuwa anaanika dagaa na mama yake, anaona aibu, anadhani hiyo sio habari ya Kiingereza. Wakati hiyo ndiyo habari yenyewe!

Sasa wewe uko Igombe, mwalo uko hapo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Watume wakawaulize kina mama wa dagaa na wavuvi, na wakaulize kwa Kiswahili au Kisukuma, usiogope, kule hawaendi kufanya mtihani wanaenda kuchota habari. Watakuletea vitu: kwamba dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi za sola, kwamba mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika sababu taa haivuti dagaa, kwamba mvua ikipiga dagaa wakiwa wameanikwa mchangani mzigo unaharibika na bei inashuka. Halafu unakaa nao darasani unawaambia haya, habari za huyu mama tumwandikie mtu wa mbali asiyejua Kiswahili. Hapo grama inakuja yenyewe inagonga mlango. "When the moon is bright, they do not fish." Hiyo ni tensi ya kila siku na "when" ndani yake, mtoto hajaikariri, anaijua. Na ile pasivu inayowatoa jasho fom tu na fom thrii, si wanayo tayari kwenye Kiswahili? Kuvuliwa, kuanikwa, kuuzwa, ile "w" ya katikati. "They are caught at night, dried on the sand and sold at Kirumba market." Waonyeshe hizo mbili ubaoni sambamba uone nyuso zao.

Kuhusu kelele za Kiswahili, hapa najua walimu wengi hawatanielewa, ila mi siamini kile kibao cha kumvika shingoni mtoto aliyeongea Kiswahili, kinamfundisha kunyamaza basi. Kupanga kazi wapange kwa Kiswahili. Kinachotoka mwisho, kinachosomwa mbele za watu, hicho kiwe Kiingereza na kila mtoto awe na sentensi yake yenye jina lake pembeni, vikundi vya watano watano, sentensi mbili mbili kila mtu, na anayesoma ni mwenye nayo. Mwenzake haruhusiwi kumsomea.

Wenye aibu wafanyie redio ya kanga. Watoto wawili wanashika kanga mbele ya ubao, watangazaji wanakaa nyuma yake, darasa linasikia sauti tu: hali ya hewa ya ziwa, bei ya sato na sangara sokoni, mechi ya timu yetu ya Pamba, tangazo la kivuko kinaondoka saa ngapi. Haihitaji simu wala umeme. Nilikuwa na kijana hakuwahi kufungua mdomo darasani tangu fom wan, nyuma ya kanga akatangaza mpira dakika nne bila kupumua, "r" na "l" zikiwa zimebadilishana kama kawaida yetu Wasukuma, na sikumkatisha. Ukimkatisha pale umempoteza. Yale makosa andika kwenye kidaftari chako, kesho chukua moja tu, fundisha darasa zima, bila kutaja jina. Kwenye daftari pia hivyohivyo, wiki hii unasahihisha wakati uliopita peke yake, mengine yapite, maana mtoto akirudishiwa ukurasa mwekundu wote hasomi hata alama moja.

Silabasi sasa. Wenzako hawana nia mbaya, mtihani upo kweli. Ila mtaala wetu wa sekondari tangu 2005 unataka umahiri, yaani mtoto aweze kufanya kitu na lugha, kwa hiyo we ndo unafuata mtaala. Chukua mada iliyoko kwenye azimio lako la kazi wiki hiyo, iwe barua, iwe majibizano, iwe kutoa maelekezo, uivalishe mwalo. Vipindi viwili kwa wiki vinatosha, vingine endelea na kitabu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu kaanza fom wan hapa Nansio, msingi kasoma kwa Kiswahili. Kwenye insha kaandika "my father she is a fisherman", darasa likacheka, sasa daftari la Kiingereza hataki hata kulishika. Nimtafutie tuisheni?
– Mama wa Nansio

JIBU: Marahaba mama, na mpe pole kijana. Hilo kosa lina asili yake, sisi tukisema "anavua" haijulikani ni mume au mke, Kiingereza kinakulazimisha uchague kila mara, na kichwa hakijazoea kuchagua. Tuisheni isubiri kidogo. Kunjeni karatasi za daftari katikati, mzishone kwa uzi wa nyavu, kiwe kitabu cha ukoo wenu, kila jioni mtu mmoja, sentensi tatu. Babu, "he". Shangazi, "she". Atashangaa baba mdogo na mjomba kwa Kiingereza wote ni "uncle", hapo itabidi aeleze yupi ni ndugu wa baba na yupi wa mama, na ndo sentensi zinaongezeka hivyo. Wewe hata kama Kiingereza hukijui kaa naye asome kwa sauti, sikiliza hayo maneno mawili tu, "he" na "she". Ukoo ukiisha ahamie kwa majirani.