Maswali na Majibu: Je, Kidhibiti Kinauona Mkono Wangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, hivi karibuni nilicheza na mdogo wangu tenisi ya Wii Sports, ule mkusanyo wa michezo ya video inayochezwa kwa kupunga kidhibiti mkononi. Mimi nilisimama wima, nikageuza kiwiliwili, nikavuta mkono nyuma na kuupitisha mbele kama mchezaji wa uwanjani. Yeye alikuwa ameegemea kochi, anakung'uta kiganja tu, na akanifunga mara tatu mfululizo. Je, vidhibiti vya mwendo hufanya kazi kweli, au ni kiinimacho? Na ni michezo ipi inayofaa kuchezwa kwa namna hii? Ni mimi, msomaji wenu wa siku nyingi.

JIBU: Ndugu msomaji, kidhibiti kiliuhisi mkono wako, lakini hakikuuona kama wewe unavyoudhani, na tofauti hiyo ndiyo iliyompa mdogo wako ushindi.

Wii, mashine ya michezo ya video ya Nintendo, ilipoingia sokoni mwaka 2006, kidhibiti chake kilikuwa na kihisi cha mchapuko, yaani kifaa kidogo kinachopima jinsi mwendo unavyoongezeka au kupungua kasi, pamoja na mvutano wa dunia unaokiwezesha kujua upande wa chini uko wapi kinapotulia. Kwa mbele kilikuwa na kamera inayotambua nukta za mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, zinazotoka kwenye ule mwamba mwembamba unaowekwa karibu na televisheni. (Wengi huamini kwamba mwamba huo ndio unaowatazama, kumbe hauhisi chochote, kazi yake ni kutoa mwanga tu.) Kamera hiyo husaidia unapoelekeza kidhibiti kwenye skrini, ila unapokipunga kama raketi, uso wake hugeukia kwingine na nukta zile hupotea. Kinachobaki ni kihisi cha mchapuko, ambacho kinajua kwamba umetikisa, kwa nguvu kiasi gani na kwa upande upi kwa makadirio, lakini hakijui mkono wako uko wapi chumbani.

Watengenezaji wa tenisi ile waliujua upungufu huo, wakaujenga mchezo juu ya swali moja ambalo kihisi kinaweza kulijibu vizuri, nalo ni: umepiga lini? Ukiwahi, mpira unakatiza upande mmoja. Ukichelewa, unakwenda upande wa pili. Miguu hukimbizwa na mchezo wenyewe bila wewe kuhusika. Sasa tazama yaliyowapata ninyi wawili. Mkung'uto wa mdogo wako ni mfupi, unaanza na kwisha palepale mpira unapofika, kwa hiyo kihisi kinapokea pigo moja safi. Wewe ulianza kwa kuvuta mkono nyuma, na mvuto huo nao ni mchapuko, hivyo mchezo huweza kuuhesabu kuwa ndio pigo kabla pigo lako la kweli halijaanza. Isitoshe, kihisi kile kilitengenezwa kupima hadi takriban mara 3 ya mvutano wa dunia, na mkono uliopigwa kwa nguvu zote hupita kiwango hicho bila shida. Nguvu zako za ziada hazikuandikwa popote.

Kwa maoni yangu, basi, swali la kuuliza kuhusu mchezo wowote wa aina hii si kama kifaa ni cha kisasa, bali ni kama mchezo unaulizia jambo ambalo kifaa hicho kinaweza kulijua. Ndiyo maana bolingi, yaani mchezo wa kuvingirisha tufe ili kuangusha pini, ya Wii Sports ileile ya mwaka 2006 bado inapendeza kuliko michezo mingi iliyokuja baadaye ikiwa na vifaa bora zaidi. Mchezaji anashikilia kitufe cha chini kwa kidole cha shahada, anaurudisha mkono nyuma polepole, anauleta mbele, kisha anakiachia kitufe palepale ambapo vidole vingeachia tufe. Akikipinda kifundo cha mkono kidogo anapomalizia, tufe linajipinda kuelekea pini. Zingatia pia kwamba tufe likishatoka mkononi, hata katika bolingi ya kweli, hakuna kinachobaki mkononi mwako. Uzito umeondoka na unabaki kutazama tu. Hakuna kitu ambacho kidhibiti kinalazimika kukiigiza na kushindwa.

Gofu inakaribia hapo, na ina uadilifu fulani ninaoupenda, kwa sababu ukizidisha nguvu ukapita mwisho wa kipimo kilicho kwenye skrini, mpira unakwenda kombo. Ndondi ndizo zilizoharibika. Ngumi hufuatana upesi mno, vidhibiti viwili havitofautishi vizuri konde la moja kwa moja na la kuzunguka, na mchezaji hujikuta anatikisa mikono ovyo akitumaini kwamba baadhi ya makonde yatahesabiwa. Hata kama kihisi kingekuwa kamili, bado ngumi yako ingepita hewani bila kugonga kitu, na mtetemo wa kidhibiti hauwezi kuusimamisha mkono. Upanga una ugonjwa huohuo: mpinzani anaukinga upanga wako kwenye skrini, na mkono wako unaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hali iliboreka sana mwaka 2009, Wii MotionPlus, kiambatisho cha kidhibiti kilekile, ilipoongeza jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, ikifuatana na mkusanyo mpya wa Wii Sports Resort wenye michezo 12. Hapo ndipo mpira wa meza ulipoanza kujali uso wa raketi umeelekea wapi, na upinde ukaweza kushikwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukivuta kamba. Hata hivyo, jairoskopu hupima kasi ya mzunguko na siyo mwelekeo wenyewe, kwa hiyo mwelekeo lazima ukokotolewe kwa kujumlisha, na kila kosa dogo linajumlishwa pamoja nao. Ukiona raketi ya kwenye skrini imeanza kulala upande ilhali yako imesimama, kidhibiti hakijaharibika. Kiweke kwenye meza kitulie kidogo, au tumia kitufe cha kurekebisha ikiwa mchezo unacho.

Mwaka 2010 zilikuja njia mbili zilizotumia macho. PlayStation Move, kidhibiti cha mashine ya PlayStation ya Sony, iliweka tufe linalong'aa kwenye ncha ya kidhibiti ili kamera ilifuate, na kwa kuupima ukubwa wa tufe hilo kwenye picha iliweza kujua mkono uko mbali kiasi gani. Kinect, kifaa cha mashine ya Xbox ya Microsoft, iliondoa kidhibiti kabisa ikautazama mwili mzima, lakini kamera yake ya kina, yaani inayopima umbali, ilipiga picha 30 kwa sekunde, na hesabu za kuitafuta mifupa ya mchezaji ziliongeza ucheleweshaji unaohisika. Kukimbia palepale uliposimama au kurusha mkuki ilivumilika. Kupiga mpira unaokuja kasi ilikuwa taabu.

Kuhusu miguu, bado hakuna jibu zuri. Nintendo Switch Sports ya mwaka 2022, mkusanyo wa aina ileile kwa mashine mpya zaidi ya Nintendo, ilikuja na mkanda wa kufunga kidhibiti pajani, lakini ilipotoka ulitumika kwenye mashindano ya kufunga mabao tu, na hata uliporuhusiwa baadaye katika mechi kamili, kukimbia kulibaki kazi ya kijiti cha kidole gumba.

Ukiniuliza ni wapi jambo hili limefika mbali zaidi, nitakutajia mpira wa meza unaochezwa kwa miwani ya uhalisia pepe, yaani inayofunika macho na kukuonyesha ulimwengu wa mchezo pande zote, kama ule wa Eleven Table Tennis. Kamera zilizo kwenye miwani huufuata mkono pande zote, unasogea kwa miguu yako mwenyewe hatua mbili tatu, na mpira wenyewe ni mwepesi mno kiasi kwamba mtetemo mdogo unatosha kuushawishi mkono kuwa umegusa kitu.

Kwa mechi ya marudiano na mdogo wako, iweke televisheni katika hali ya michezo ya video (Game Mode) ili kupunguza ucheleweshaji wa picha, funga kamba ya kidhibiti kifundoni, na usivute mkono nyuma mpira ukiwa tayari unakuja. Uweke nyuma mapema, utulie hapo, kisha pitisha pigo moja fupi. Kisha mwombe ahamie kwenye bolingi.