Maswali ya Wasomaji: Mayai, Moto na Dakika Zake

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zinalalamikia kitu kimoja bila kukitaja: moto. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi za Selsiasi, na kiini hushika kati ya 65 na 70. Maji yanayochemka yana nyuzi 100, na mafuta kwenye kikaango hupita hapo kwa mbali. Nafasi ya kukosea ni finyu, ndiyo maana hata wapishi wazoefu huharibu mayai.

Nikimenya mayai ya kuchemsha, ganda linang'oka na vipande vya ute. Nimejaribu chumvi, nimejaribu siki, hali ni ile ile. Tatizo ni nini?

Huenda mayai yako ni mapya mno. Yai likishatagwa, ute wake huwa na gesi ya kaboni dayoksaidi ambayo hutoka polepole kupitia vitundu vidogo vya ganda. Kabla gesi hiyo haijatoka, ute ukipikwa hung'ang'ania utando ulio chini ya ganda. Likikaa siku saba hadi kumi, ute unakuwa umebadilika na yai linamenyeka bila ugomvi. Kwa hiyo mayai ya leo yakaange, ya wiki iliyopita ndiyo uyachemshe.

Jambo la pili ni namna unavyoanza. Yai likiwekwa kwenye maji baridi na kupashwa taratibu, ute hupata muda wa kushikamana na utando. Likitumbukizwa kwenye maji yanayochemka, ute wa nje huganda ghafla na kujitenga. Chemsha kwanza maji ya kuyafunika mayai kwa sentimita mbili au tatu, punguza moto mpaka yachemke kwa utulivu, kisha shusha mayai kwa kijiko, moja moja. Ukiyadondosha yatagonga chini na kupasuka.

Kwa yai la ukubwa wa kati lililotoka kwenye friji: dakika 6 ute umeshika na kiini bado kinamwagika, dakika 8 kiini kimekuwa kizito kama jamu, dakika 10 kimeshika isipokuwa katikati, dakika 12 kimekauka chote. Kama mayai hayakuwa kwenye friji, punguza dakika moja. Wanaoishi nyanda za juu waongeze dakika moja au mbili, kwa sababu kwenye mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu.

Yakiiva, yatie kwenye maji baridi sana kwa dakika tano au zaidi. Gonga ganda pande zote, anza kumenya upande mnene ambako kuna nafasi ya hewa, na umenye ndani ya maji ili yapenye chini ya utando. Chumvi na siki hazisaidii kumenya. Kazi yake ni nyingine: yai likipasuka, huugandisha haraka ute unaovuja.

Kiini cha yai langu kina duara la kijani. Limeharibika?

Halijaharibika, limepikwa kupita kiasi. Salfa ya kwenye ute na madini ya chuma ya kwenye kiini hukutana pale vinapogusana na kutengeneza rangi hiyo, hasa yai likichemka muda mrefu au likiachwa lipoe lenyewe kwenye maji yake ya moto. Unaweza kulila. Siku nyingine usipite dakika 12, na lipoze mara moja.

Mayai yangu ya kuvuruga yanakuwa makavu kama mpira, halafu yanatoa maji kwenye sahani. Rafiki yangu ananiambia niongeze maziwa.

Rafiki yako anakuongezea tatizo. Protini za yai zikipata joto hushikana na kufanya wavu unaobeba maji. Joto likizidi, wavu unajikaza na kuyakamua nje. Hayo ndiyo unayoyaona kwenye sahani. Maziwa ni maji mengine ya kubebwa na wavu ule ule. Ukiyapenda, kijiko kimoja cha chakula kwa mayai matatu kinatosha.

Vunja mayai matatu, tia chumvi robo kijiko cha chai, piga kwa uma mpaka usione tena nyuzi za ute. Ukiweza, yaache robo saa. Wengi wameonywa wasitie chumvi mapema, lakini chumvi iliyopata muda hupunguza kukazana kwa protini, na mayai hubaki laini. Yatageuka rangi kidogo kabla ya kupikwa, usishtuke.

Yeyusha siagi kijiko kimoja cha chakula kwenye moto mdogo. Mimina mayai, subiri kingo zianze kushika, kisha sukuma kwa mwiko bapa kutoka pembeni kwenda katikati, polepole, ukikwangua chini. Yakianza kufanya mabonge na kwenda mbio, inua kikaango juu ya moto kwa sekunde chache, halafu urudishe. Sasa usikilize vizuri, maana hapa ndipo mayai mengi yanapopotea: yaondoe yakiwa yanang'aa na yanaonekana kama yanahitaji nusu dakika zaidi. Joto lililomo litayamalizia yakiwa kwenye sahani. Ukingoja yaonekane yameiva kikaangoni, umeshachelewa. Yapakue papo hapo, kwani kikaango kilichozimiwa moto bado kinapika.

Kimanda changu cha nyanya na uyoga kinakuwa majimaji na kinakatika nikikikunja.

Majimaji yanatoka kwenye nyanya na uyoga, si kwenye mayai. Toa mbegu za nyanya na majimaji yake, katakata, ukaange pamoja na uyoga kwenye kikaango kingine mpaka usione unyevu chini. Usichanganye mboga mbichi na mayai yaliyotiwa chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga.

Kukatika kuna sababu mbili, ama umejaza mno au umekausha mno. Kwa mayai matatu tumia kikaango cha sentimita 20 na vijiko vitatu vya chakula vya mboga, visizidi. Moto uwe wa kati. Siagi ikitulia kutoa povu, mimina mayai, koroga kwa sekunde 20, yaache yatandae, tia mboga kwenye nusu moja wakati juu ya mayai bado kuna unyevunyevu, kunja, telezesha kwenye sahani. Kazi yote ni kama dakika mbili. Kimanda cha namna hii hakihitaji kugeuzwa.

Yai la jicho huungua chini huku ute wa juu ukiwa mbichi. Sitaki kuligeuza.

Tumia mvuke. Vunjia yai kwenye kikombe kwanza, lishushe kwenye kijiko kimoja cha mafuta au siagi, moto mdogo. Kingo zikiwa nyeupe, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha maji pembeni ya yai na ufunike kwa dakika moja. Kiini kitapata utando mweupe juu. Kama unakitaka kibaki cha njano, usifunike. Chota mafuta ya moto kwa kijiko na uyamwage juu ya ute tu.

Wapo wanaopenda kingo za kahawia zinazokatika mdomoni. Hao wafanye kinyume: mafuta vijiko vitatu yakiwa ya moto kweli, yai ndani, mwagia mafuta juu yake, toa baada ya dakika moja hivi. Litarusha matone, kwa hiyo kikaango kiwe kikavu kabisa kabla ya mafuta. Likinata, usilikwangue mapema. Ukingo ukishika vizuri, lenyewe huachia.

Nikipika yai majini bila ganda, linasambaa na kuwa nyuzinyuzi.

Kinachosambaa ni ute mwepesi, nao huongezeka yai linapozeeka. Njia hii inataka yai jipya kuliko zote. Livunjie kwenye chujio dogo, uache ute mwepesi udondoke kwa nusu dakika, kisha lihamishie kwenye kikombe. Maji yawe na kina cha sentimita 8, siki kijiko kimoja cha chakula kwa lita, na viputo vidogo tu chini ya sufuria. Maji yanayotokota yatalirarua. Karibisha kikombe usawa wa maji, mimina, ngoja dakika tatu, toa kwa kijiko chenye matundu, kausha juu ya kitambaa safi. Kuzungusha maji kwanza kunasaidia yai moja. Ukiwa na manne, acha.

Yai linaloelea ni bovu?

Ni la siku nyingi. Nafasi ya hewa kwenye upande mnene hukua kadiri maji yanavyotoka kupitia ganda. Likilala chini ya maji ni jipya, likisimama ni la kuchemsha, likielea livunjie kwenye bakuli la peke yake na ulinuse. Yai viza halijifichi.

Ila pua haioni bakteria wa salmonela. Yai lililo nao linaweza kunukia na kuonekana vizuri kabisa. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wapikiwe mpaka ute na kiini vishike vyote. Mayai yaliyopikwa yasikae nje zaidi ya saa mbili. Ya kuchemsha yakiwa na ganda lake hukaa wiki moja kwenye friji.

Ya ganda la kahawia yana nguvu kuliko meupe?

Hapana. Rangi ya ganda hutokana na aina ya kuku, na ya kiini hutokana na chakula chake.

Naweza kupasha yai la kuchemsha kwenye maikrowevu?

Likiwa zima, usithubutu, hata kama umelimenya. Mvuke hujibana ndani na yai hulipuka, wakati mwingine baada ya kulitoa, pale unapoling'ata. Litie kwenye maji ya moto yaliyoepuliwa, dakika tano mpaka saba.

Na ninyi wenyewe, mkiachiwa kuchagua?

Hapa hatuelewani. Wengi wetu tunachagua la kuchemsha dakika 7, likatwe mara mbili, chumvi ya chengachenga, pilipili manga iliyosagwa muda huo huo na siagi kidogo iyeyukie juu, kando yake mkate uliochomwa. Mmoja anashikilia kuvuruga kwa siagi na kusubiri, na anatuona sisi wengine tuna haraka. Tumekubaliana juu ya kitu kimoja tu: sahani ipashwe moto kidogo kwanza, kwa sababu mayai hupoa upesi na yakipoa siagi huganda juu yake.