Mkiandika historia ya kambi, msianze na mwanzilishi

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji mmoja, binti ambaye kwa misimu mitatu sasa ni mlezi katika kambi ya vijana. "Shikamoo kaka. Kambi yetu inatimiza miaka 20 mwakani, na kazi ya kuandika historia yake na ya viongozi wake imeniangukia mimi. Nina picha 14 na barua moja ya mwanzilishi. Nianzie wapi?" Picha zenyewe akaziambatanisha.

Marahaba, mdogo wangu. Nilidhani nitakujibu kwa mistari miwili nikalale. Sikulala.

Najua wengi mnaosoma hapa ni watu wa kambi kama mimi. Mmeshapuliza filimbi alfajiri hadi midomo ikauma, mmeshahesabu vichwa usiku kwa tochi mkapata 39 badala ya 40, jasho la baridi mnalijua. Kwa hiyo sitaeleza kambi ni nini. Nitaeleza kilichonikuta.

Nilikuwa kiongozi katika kambi moja ya likizo kwa misimu 11. Niliingia nikiwa na miaka 19, mlezi wa hema la mwisho, lile linaloingiza maji, nikatoka nikiwa msaidizi wa mkuu wa kambi. Ratiba ya zamu za usiku inayotumika pale hadi leo niliichora mimi, kwa rula, juu ya kipande cha boksi. Mchezo wa kusaka hazina gizani ni wangu. Nyimbo mbili za moto wa kambi ni zangu pia, ingawa ya pili nakiri haina maana yoyote. Miaka ya katikati nairuka. Ilikuwa mvua na vikao.

Kambi ilipofikisha miaka 25, nami nimeshaondoka, nikaalikwa kwenye sherehe. Mlangoni nikapewa kijitabu cha historia, kurasa 48, jalada linang'aa. Nikakaa, nikaanza kulitafuta jina langu kwa utulivu wa mtu asiyetaka aonekane anatafuta jina lake. Ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, halimo. Ukurasa wa 31 kuna picha ya moto wa kambi, na pembeni kushoto kuna mkono unaotia kuni. Mkono ule ni wangu. Naujua kwa saa yake: kioo kilipasuka msimu ule, nikakibandika plasta nyeupe. Chini ya picha wameandika, "Vijana wakifurahia moto." Moto umewashwa na nani? Hakuna anayesema. Umejiwasha.

Nilipiga makofi kama wenzangu, kisha nikaondoka mapema. Ni miaka 6 sasa, na mkiona bado naiandika habari hii basi jueni haijaisha.

Baada ya hapo nikaanza kusoma historia za kambi za watu wengine, nusu kwa kujifunza, nusu kwa kuwatafuta wenzangu waliosahauliwa. Nikawapata. Wanaofuatilia mambo haya huanza na Frederick Gunn, mwalimu wa Connecticut, Marekani. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza, wavulana wa shule yake wakatamani kuishi kama askari, naye akawatembeza hadi ufukweni wakapiga mahema kwa wiki 2 hivi. Leo anaitwa baba wa kambi za vijana. Lakini hakwenda peke yake. Mkewe, Abigail, alikuwa naye safarini, na shule ile waliiendesha pamoja. Yeye anatajwa kwa nusu sentensi, na hapo ni pale anapotajwa.

Sumner Dudley alipata bahati ya aina nyingine. Mwaka 1885 alichukua wavulana 7 wa YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, akaenda nao kupiga kambi kando ya ziwa katika jimbo la New York. Kambi haikuwa na jina lake. Wavulana walikuwa wamenyoa vipara, na jina la kwanza likatokana na vipara hivyo. Ikaja kuitwa Camp Dudley baada ya yeye kufariki mwaka 1897, na ipo hadi leo. Jina lilimfikia yuko kaburini. Heri hivyo kuliko plasta ya saa.

Au chukua kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907. Kila skauti atakusimulia habari za Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, za wavulana takriban 20, na za pembe ya tandala iliyopulizwa kuwaamsha. Mwulize skauti huyohuyo, Kenneth McLaren ni nani? Alikuwa msaidizi wa Baden-Powell palepale kisiwani, rafiki yake wa tangu jeshini. Utajibiwa kwa kimya.

Kisa kilichonishika zaidi, hata hivyo, ni cha mwaka 1954. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwaweka wavulana 22 wa miaka 11 hivi katika kambi ya Robbers Cave, Oklahoma. Aliwagawa makundi mawili, wao wenyewe wakajiita Eagles na Rattlers, akitaka kuona uadui unavyozaliwa na unavyotulizwa. Watoto hawakujua kwamba wanachunguzwa. Kwao ilikuwa kambi kama kambi nyingine, na walezi wao ndio waliokuwa watafiti. Sasa Sherif mwenyewe, bosi wa shughuli nzima, alijificha wapi? Alijifanya mhudumu wa usafi wa kambi. Akiwa na kazi hiyo aliweza kusimama karibu na ugomvi wowote, akauliza swali la kijinga, na hakuna aliyemshtukia. Kama ilikuwa haki kuwafanyia watoto vile ni mjadala mwingine, na mwanangu mimi nisingemtoa. Lakini angalia akili yake: aliyetaka kuiona kambi yote hakuchukua kipaza sauti, alichukua ufagio.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza, binti: nenda kwa mwenye ufagio. Nenda kwa mpishi, kwa mlinzi, kwa dereva aliyewaleta watoto mwaka wa pili gari likaharibika njiani. Barua ya mwanzilishi iache mezani kwanza. Waanzilishi huandika walichokusudia. Mpishi anakumbuka waliokula walikuwa wangapi.

La pili, andika majina. Omba ratiba za zamu za zamani, hata zilizoliwa na panya, maana hotuba husifu wachache na ratiba ya zamu humtaja kila aliyekesha. Chini ya kila picha andika nani amesimama wapi, kuanzia kushoto, na nani anapiga picha hiyo. Mpiga picha naye ni mtu.

La tatu ni hilohilo la pili. Andika majina. Nalirudia kwa sababu najua utafika katikati, utachoka, na mkono utakutuma uandike "na wengineo." Usikubali.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo sikupanga kulisema. Kambi yetu ilipotimiza miaka 15, kijitabu kilikuwa cha kurasa 12 tu na mwandishi nilikuwa mimi. Kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa mlezi mkuu wa wasichana. Alijua kwa kichwa nani ana pumu, nani anaota ndoto mbaya, nani asipewe kitanda cha juu. Msimu mmoja tuligombana, yeye na mimi, juu ya vijana wawili waliotoroka usiku: mimi nilitaka warudishwe makwao kesho yake, yeye akasema aliyetoroka ndiye anayeihitaji kambi kuliko wote. Kura zikaniangukia mimi. Alimaliza msimu na hakurudi tena. Kijitabu changu kilisema, "Wasichana waliongozwa vizuri na walezi mbalimbali." Nakumbuka niliisoma sentensi ile mara mbili kabla ya kuipeleka kwa mchapaji. Sikusahau jina lake. Nililijua vizuri sana.

Sisemi mambo haya mawili yanalingana. Mimi nilitumika misimu 11, yeye 4. Lakini wale waliokuja kuniacha mimi nje ya kurasa 48 walikuwa vijana wangu, niliowalea. Walikuwa wamekisoma kile cha kurasa 12.

Basi nyie mnaoongoza kambi leo, msingoje sherehe. Msimu ukiisha, kabla mahema hayajakauka, kaeni chini dakika 30 mwandike nani alikuwapo na alifanya nini. Mwandikeni na aliyeondoka kwa hasira, na sababu yake kama yeye anavyoieleza, si kama mnavyoieleza nyie. Mkisubiri miaka 20 mtabaki na picha 14.

Nikirudi kwako, binti: nimeziangalia zako zote. Katika ya 9, nyuma ya yule bwana aliyeshika kipaza sauti, amesimama mama mmoja mwenye sufuria kubwa iliyopinda mshikio, anacheka na mtu asiyeonekana. Yumo pia katika ya 3, ya 6 na ya 12, sufuria ileile. Kwenye maelezo uliyonitumia hajatajwa hata mara moja. Anaitwa nani?